Mtaro Wetu Ni Suala la Kijamii na Kisiasa

Tarehe 3 Machi

Naandika mwenyewe, sikuandikiwa na mtu. Kusoma na kuandika nilijifunza nikiwa na miaka sabini na tatu, darasa la watu wazima, na wa kwanza kumaliza kile kitabu nilikuwa mimi. Wengine wa darasa lile mpaka leo wanashika kalamu kama wameshika jongoo.

Jana ofisa wa mitaro alipita hapa na buti zake mpya. Akasema mtaa wetu kazi yetu kulalamika, kumbukumbu hatuna. Maji yalifika lini? Yalifika wapi? Nani aliandika? Watu wakatazamana. Haya, mwandishi amepatikana.

Leo mvua imeanza saa tisa alasiri. Uchochoro wa dada yangu, maji kwenye kifundo cha mguu. Nimepima kwa mguu wangu mimi.

Tarehe 4 Machi

Manyunyu. Chini ya kifundo.

Tarehe 7 Machi

Atakayesoma hapa asije akasema hakuelewa, kwa hiyo naeleza.

Dada yangu ni mdogo wangu kwa miaka mitano. Ni mjane, anashona nguo. Nyumba yake ndiyo ya mwisho chini ya mteremko, na cherehani iko chumba cha nyuma kwa sababu kule kuna dirisha kubwa. Nyuma ya chumba hicho unapita mtaro. Mtaro huo tuliujenga sisi, mimi nikiwa fundi mkuu, miaka arobaini iliyopita, na ulikuwa unameza maji ya mteremko mzima bila kucheua. Miaka mitatu iliyopita mwenye ghala aliongeza ghala lake. Ukuta wa nyuma ukapita juu ya mtaro, msingi ukaingia ndani kabisa, likaachwa bomba moja tu la maji kupitia. Bomba lenyewe upana wake ni wa sufuria ya kuchemshia maziwa. Maji yakifika pale yanarudi, yanageuka, yanaingia kwa dada yangu.

Dawa yake ni kubomoa kipande cha ukuta, hatua mbili tu. Watu wanne siku mbili. Enzi zangu, mimi peke yangu siku moja, na jioni ningeoga nikaenda kucheza bao.

Mtaa mzima tumetia sahihi barua kwa ofisi ya mitaro. Mimi nimeandika jina langu lote, sikuweka dole gumba.

Tarehe 9 Machi

Mvua. Nusu ya muundi.

Tarehe 12 Machi

Jibu limekuja. Kinyozi alizima mashine yake, mteja akabaki na kichwa nusu, barua ikasomwa. Nimeinakili: "Baada ya ukaguzi, ofisi imebaini kuwa kuziba kwa mtaro huo ni suala la kijamii na kisiasa, hivyo haliwezi kutatuliwa kwa hatua za kiufundi pekee."

Kisha mwenye kichwa nusu akauliza, "Kwa hiyo wanakuja lini?"

"Hawaji," kinyozi akasema.

"Si wamesema wamebaini?"

"Wamebaini. Kubaini si kuja."

Dada yangu alikuwa amesimama mlangoni na futi ya kitambaa shingoni. Akasema, "Mimi nimeandika maji yanaingia chumbani. Wamejibu barua ya nani hawa?"

Mimi nikasema nitalishughulikia, maana pale ofisini nina mtu.

Mtu mwenyewe ni binti yangu. Ndiye anayepiga chapa barua zote za ofisi ile. Nilimsomesha kwa mwiko huu huu, tofali juu ya tofali.

Tarehe 15 Machi

Jumapili. Binti amekuja na matunda. Sikumwacha hata avue viatu.

"Lile neno mmelitoa wapi?"

"Neno gani, baba?"

"La kijamii na kisiasa."

Akatua mfuko. "Ni la kawaida, baba. Linatumika kwenye ripoti. Maana yake jambo limeshikana na maisha ya watu na mambo ya madaraka, huwezi kulishika upande mmoja ukaacha mwingine."

"Mimi nimeona ukuta na maji. Maisha ya watu yako wapi hapo?"

"Baba, kunywa chai."

Naandika hapa nilivyoona: hakunitazama usoni. Mtoto wangu mwenyewe anajificha nyuma ya neno kama mdaiwa nyuma ya mlango. Aliondoka mapema. Matunda sikuyala.

Tarehe 16 Machi

Mvua kubwa, saa moja tu. Nusu ya muundi tena.

Tarehe 18 Machi

Mkutano wa mtaa, kwenye kibanda cha kinyozi. Nimewahi kuona ujinga, huu wa leo ulivaa suti.

Mjumbe wa mtaa alisimama akasema ofisi imetupa kazi. Suala lina pande mbili, basi na sisi tujipange pande mbili. Iundwe Kamati ya Jamii ishughulikie mambo ya kijamii ya mtaro, na Kamati ya Siasa ishughulikie ya kisiasa. Watu wakapiga makofi! Kinyozi akapewa Jamii. Mjumbe akajipa Siasa.

Nikanyoosha mkono. "Na kamati ya nyundo?"

Wakacheka. Mjumbe akasema, "Mzee wetu, wewe ni mshauri wa kamati zote mbili."

Yaani sina kiti kokote. Mimi niliyeujenga mtaro wenyewe. Dada yangu naye walimwingiza Jamii, kwa kuwa yeye ndiye anayelowa.

Tarehe 21 Machi

Goti. Dada ameinua cherehani juu ya matofali manne. Nimemwambia aje alale kwangu. Amesema kwangu kuna kelele ya majigambo.

Tarehe 27 Machi

Kamati zimekaa, kila moja peke yake, leo zikakutana. Kamati ya Jamii inasema ukuta ni wa mwenye ghala, mwenye ghala ni mtu wa diwani, kwa hiyo ni siasa, wao hawahusiki. Kamati ya Siasa inasema wanaolowa ni wananchi wa kawaida, kwa hiyo ni jamii, wao hawahusiki. Wakasimama kila mmoja anampa mwenzake mtaro mkononi kama mtoto aliyejinyea.

Nilisema maneno makali. Sitayaandika, daftari hili huenda likafika ofisini.

Tarehe 29 Machi

Haikunyesha. Nimelala mchana.

Tarehe 2 Aprili

Nimezunguka mtaa mzima, nyumba kwa nyumba, natafuta watu watatu tu wa kushika nyundo pamoja nami. Maana mimi si mtu wa kamati.

Kinyozi: "Mzee wangu, wateja wangu ni wapakizi wa ghala. Wakiambiwa wasije kwangu, nitanyoa mbuzi?"

Mwalimu mstaafu: "Kijana wangu ndiye karani wa ghala. Unataka nimtoe kazini kwa mikono yangu?"

Muuza maji ananunua mapipa yake ghalani kwa mkopo. Mjumbe, mke wake anawapikia wapakizi. Mpaka jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ambaye nilimjengea choo bure kabisa, akaniambia mgongo unamuuma. Jana nilimwona amebeba kabati.

Nikarudi kwa mwalimu, nikamwambia anieleze lile neno, taratibu, na asinifanye mjinga. Akanieleza vizuri, sikatai. Kijamii ni vile watu wanavyoishi wakitegemeana, nani anakula kwa nani, nani anamwogopa nani. Kisiasa ni nani anayeamua, na nani akisema hapana inakuwa hapana. Wasomi wanayaweka pamoja kwa sababu aghalabu ni kamba moja.

Nimefika nyumbani nikakaa. Kwa wiki tatu nzima nimelitukana neno lile, nikidhani ni uongo wa ofisi. Si uongo. Ni kweli tupu, mtaa wetu wote umo ndani yake, na walilitumia vilevile kutufungia mlango. Mtu akikudanganya unaweza kugombana naye. Akikwambia kweli kisha akaketi, utamfanya nini?

Tarehe 3 Aprili

Goti.

Tarehe 5 Aprili

Leo nitaandika nisiloliandika mwezi mzima.

Ukuta ule wa ghala niliujenga mimi.

Mwenye ghala alikuja hapa na gari, akakaa kwenye kigoda changu, akaniita fundi mkuu mbele ya majirani. Wakati ule hakuna aliyekuwa ananiita tena kazini. Walikuwa wanasema macho yamekwisha. Nikamwambia, bwana, mtaro unapita hapa, tuache daraja, tusizibe. Akasema daraja litapunguza ghala, weka bomba. Nikasema bomba gani litakalotosha mteremko huu? Akasema, "Fundi, wewe ukisema linatosha, nani atabisha?"

Nikavimba. Nikasema linatosha.

Na siku ya mwisho, saruji ikiwa bado mbichi, akanipa msumari akasema andika jina lako, huu ni ukuta wako. Ndiyo kwanza nilikuwa nimemaliza darasa. Sikuwahi kuandika jina langu mahali ambapo watu wangelisoma. Nikaliandika, herufi kubwa, na tarehe. Lipo mpaka leo upande wa ndani, nyuma ya magunia.

Kwa hiyo kinyozi anaogopa kukosa wateja na mwalimu anamwogopea mtoto wake, na mimi nimewaita waoga kwa sauti ya juu, mlangoni kwao. Miaka hamsini ya ufundi hakuna ukuta wangu uliobomolewa. Nilitaka watu watatu waje ili ionekane ni mtaa uliobomoa, si mimi niliyekosea.

Nimeandika. Sijisikii nafuu yoyote.

Tarehe 9 Aprili

Binti amekuja, bila matunda. Nilimwambia moja kwa moja, ukuta ni wangu. Hakushtuka.

"Najua, baba. Injinia wa ofisi yetu alirudi na picha za ukuta. Jina lako limo kwenye picha."

Nikakaa.

"Ripoti yake ya kwanza iliandika mtaro umezibwa kwa ujenzi mbovu wa fundi asiye na kibali. Na jina. Mwenye ghala ameshasema yeye si mjuzi, alimwamini fundi. Nikamwendea injinia. Nikamwambia hapa kuna diwani, kuna ajira za watu, andika ni suala la kijamii na kisiasa. Akafurahi, maana na yeye hakutaka ugomvi. Nikapiga chapa."

"Kwa ajili yangu?"

"Sasa kwa ajili ya nani?"

"Na shangazi yako anayelowa?"

Akaanza kulia. "Nilidhani mvua za mwaka huu zitakuwa ndogo."

Nilimwona mtoto huyu msaliti, nimeandika hapa juu. Sifuti. Ila leo nilimtengenezea chai mimi mwenyewe. Nikamwambia nitabomoa kesho kutwa nikishapumzisha mkono. Akasema ningoje, atajaribu njia nyingine ofisini. Nikakubali kungoja. Nilikubali upesi mno, na najua kwa nini.

Tarehe 10 Aprili

Mvua ndogo. Nimeinoa nyundo. Nyundo hainolewi, nilikuwa nikiifuta tu.

Tarehe 11 Aprili

Jua.

Tarehe 12 Aprili

Jua. Watu wamesema mvua zimekwisha. Na mimi nimesema hivyo hivyo.

Tarehe 14 Aprili

Imeanza alfajiri na haikupumua. Saa nne nilikwenda kwa dada. Maji yalikuwa pajani, yana rangi ya chai, yamebeba ndala na majani. Chumba cha nyuma tuliinua cherehani mimi na yeye tukaiweka juu ya meza. Alikuwa anaokota vitambaa vya wateja vinavyoelea, anavikamua kimoja kimoja, anavitaja wenyewe: hili gauni la mke wa mjumbe, hii suruali ya mwalimu.

"Toka humu," nikamwambia.

"Nikitoka utabaki unafanya nini? Utawahutubia samaki?"

Nikatazama ukuta wa nyuma wa chumba hicho. Ulikuwa umetoa tumbo. Mtu asiye fundi asingeona. Mimi niliona, na nikajua una muda gani: saa moja, labda na nusu. Nikamwambia, dada, nakuomba, kaa kibarazani, usirudi chumba hiki hata kwa sindano. Sikuwahi kumwomba kitu tangu tukiwa watoto. Akanitazama, akatoka.

Nikaenda nyumbani nikachukua nyundo. Nikapita uchochoro, nikapita mbele ya kinyozi, nikaingia uwanja wa ghala. Wapakizi wote walikuwa chini ya paa, kazi imesimama kwa mvua.

"Mzee, unakwenda wapi na nyundo?" Mlinzi huyo.

"Kazini."

"Kazi gani?"

"Nilisahau kitu ukutani."

Akaona natania, akacheka, akanipisha. Nikazunguka nyuma, nikashuka mtaroni mpaka kiunoni. Najua ukuta ule una nondo wapi na hauna wapi. Nikaanza kupiga juu ya bomba.

Mapigo ya kwanza kumi, mikono ilikataa. Ni mikono ya miaka sabini na sita. Wapakizi wakatoka, wakajipanga ukingoni kama wanatazama mpira. Mmoja akapaza sauti, "Mzee, pigo hilo la kijamii au la kisiasa?" Wakaangua kicheko. Mwingine akasema, "La kijamii hilo, halina nguvu!" Niliwaona wote. Nusu yao nilihudhuria harusi zao. Hakuna aliyeshuka kunisaidia. Niandike na hili, kwa haki: hakuna aliyeshuka kunizuia pia, hata mlinzi. Walisimama wakalowa pamoja nami mpaka mwisho, na baadaye kicheko kikakatika.

Sikuhesabu mapigo. Tofali la kwanza lilipotoka, maji yenyewe yakashika kazi. Yalisukuma, ukuta ukalia, kipande cha hatua mbili kikaenda pamoja na bomba, nami nikashikilia mzizi nisiende. Mtaro ukapita. Ulipita kama zamani, kwa ile sauti yake. Kwa muda mfupi nilifurahi kuliko siku niliyoandika jina langu.

Nikarudi mbio, mbio zangu mimi. Uchochoro maji yameshuka gotini na yanazidi kushuka. Chumba cha nyuma hakikuwepo.

Cherehani ilikuwa imeanza kuteleza mezani, akaisikia, akaingia kuishika. Ukuta ulimkuta hapo. Kinyozi na mwalimu walikuwa wameshamtoa. Alikuwa kibarazani, uso mweupe wa vumbi na matope, mkono wa kulia umefungwa kwa gauni la mke wa mjumbe. Aliponiona akasema, "Umechelewa, kaka." Akasema kwa upole, kama mtu anayetaja saa.

Tarehe 16 Aprili

Hospitali. Vidole vitatu vimeondoka, kikiwemo cha shahada. Daktari anasema kidonda kizuri. Mshonaji wa mkono wa kulia, kidonda kizuri.

Nilimwambia yote. Nilikaa kwenye benchi la chuma nikasema, dada, ukuta ule niliujenga mimi.

"Kaka," akasema, "ulipokuwa unaujenga, chai ya saa nne nani alikuwa anakuletea?"

Nilikuwa nimesahau. Wiki sita, kila siku, kikombe kimefunikwa na kisahani. Alinikuta nikiandika lile jina. Alinipigia makofi.

"Sasa mbona hukusema? Mkutanoni, kwenye kamati, mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe. Mimi ningekusema ndugu yangu mbele ya kinyozi?"

Naona hata yeye neno lile lilimkamata. Alilowa mwezi mzima ili mimi nisiaibike.

Tarehe 22 Aprili

Barua nyingine ya ofisi, hii ina jina langu juu. "Uharibifu wa mali uliofanywa na mtu mmoja kwa makusudi." Nimeisoma mara tatu nikitafuta la kijamii na kisiasa. Halimo.

Nikamuuliza binti, maana ni yeye aliyeipiga chapa, na safari hii alinitazama usoni.

"Baba, lile neno linatumika jambo likiwa la wengi. Wewe ulikwenda peke yako, na jina lako unajua kuliandika."

Akaniuliza kama anitafutie namna ya kuliingiza kwenye utetezi. Nikakataa. Nimeandika maelezo yangu mwenyewe, mistari miwili: Ukuta nimejenga mimi, ukuta nimebomoa mimi. Kuujenga ndilo kosa. Mkiandika lingine mtakuwa mnajiandikia.

Tarehe 25 Aprili

Ofisi imepiga marufuku mtu yeyote kugusa lile tundu la ukuta mpaka shauri langu liishe, kwa kuwa tundu ni ushahidi. Kwa hiyo maji yanapita. Kwa mara ya kwanza ofisi ile imeusaidia mtaa huu. Kinyozi ameniombea shauri lichukue miaka mingi.

Tarehe 3 Mei

Mvua zimekwisha kweli. Dada amerudi kwake. Nilikwenda asubuhi na mwiko, na ndoo, na saruji nimeshaagiza, nikamwambia leo naanza chumba chako cha nyuma.

Akasema, "Hapana, kaka."

Nikasema asiwe na wasiwasi, huu nitaujenga usitikisike.

"Nimesema hapana. Nimeshapata fundi."

Fundi mwenyewe ni mtu wa mtaa wa pili, ana kitambi, anapiga miluzi. Alifika saa mbili na nusu. Dada akanipa kigoda kivulini, akaniletea chai kwa mkono wa kushoto, ikamwagika kidogo kwenye kisahani, akaenda zake.

Nimekaa pale mpaka jioni. Kozi ya kwanza, ule mstari wa chini wa matofali, ameipandisha juu upande wa dirisha, haiko sawa, nilimwona mapema kabisa. Mara mbili aligeuka akaniuliza, "Mzee, unaonaje, inatosha?"

Nikamwambia amuulize mwenye nyumba.